Maswali ya Wasomaji: Mwaka wa 6 Kauntani na Bado Niko "Wa Muda"

SWALI: Habari wakili. Niko Mombasa, mimi ni keshia kwa benki, jina la benki naomba nisilitaje. Niliingia kupitia skimu ya wafanyakazi wa muda, walituchukua wengi, tukaambiwa chapeni kazi mtaingizwa kudumu. Huu ni mwaka wa 6. Mkataba ni wa miezi 6, ukiisha unasaini mwingine, na saa zingine unaitwa kusaini wiki 2 baada ya ule wa zamani kuisha na hizo wiki 2 zote uko kauntani unapokea pesa za watu kama kawaida. Mwaka jana tukaambiwa kuanzia sasa mwajiri wetu ni kampuni ya wakala, hatukuulizwa, karatasi zililetwa jioni tukibalansi tukasaini ili tuende nyumbani. Meneja ni yuleyule, kazi ni ileile, lakini mwenzangu wa dirisha la pili ambaye ni permanenti anapata karibu mara 2 ya mshahara wangu na mkopo wa wafanyakazi anapata, mimi sipati. Sasa tunasikia Disemba mikataba hairudishwi. Naweza kushtaki benki iniajiri? – Aliyechoka, Mombasa

JIBU: Dada yangu, pole sana, barua kama yako zinakuja nyingi na kila moja inaniuma manake watu mmeshikilia funguo za sefu ya benki na bado mnaitwa wageni. Lakini wacha nikwambie ukweli kwanza alafu tutafute njia.

Ukweli ni kwamba miaka peke yake haikupi kazi ya kudumu. Watu wengi wananiambia "wakili si sheria inasema ukimaliza miezi 3 we ni permanenti", hapana. Wanachanganya na kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007, na kile ni cha kibarua, yule anayelipwa mwisho wa siku na hachukuliwi zaidi ya saa 24 kwa mpigo. Wewe una mkataba wenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na Mahakama ya Rufaa imesema zaidi ya mara moja kwamba mkataba wa namna hiyo ukifika tarehe yake umekwisha, mwajiri hadaiwi sababu wala hadaiwi kuurudisha. Benki zinajua hilo vizuri, ndo mana skimu zimeandikwa vile zilivyoandikwa.

Sasa mlango uko wapi? Uko kwa kitu mawakili wanaita matarajio halali. Mahakama ikiona mwajiri kwa maneno yake au kwa matendo yake alikufanya uamini mkataba utarudi au utaingizwa kudumu, inaweza kukusikiliza, lakini mzigo wa kuthibitisha ni wako na si mwepesi. "Tuliambiwa" haitoshi. Nani aliwaambia, lini, alikuwa na mamlaka ya kuahidi, kuna imeili, kuna tangazo lilibandikwa, kuna wenzenu wa skimu hiyohiyo waliingizwa kweli na kwa utaratibu gani? Kama kuna hata mmoja aliyeingizwa baada ya muda fulani, jua lini na barua yake ilisema nini, hiyo ina nguvu kuliko ahadi 20 za mdomo.

Na zile wiki 2 za kufanya kazi bila mkataba usizidharau kabisa, mimi ningeanzia hapo. Mkataba umeisha tarehe 30, tarehe 1 uko dirishani na mashine imekuruhusu kuingia kwa jina lako, nani alikuajiri siku hiyo na kwa masharti gani? Sheria inataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi, na mwajiri akishindwa kuleta maandishi kortini basi ni yeye anabeba mzigo wa kukanusha masharti unayodai. Kwa hivo kila ulipofanya kazi kwenye pengo kama hilo, andika tarehe, na kama una karatasi ya kubalansi ya siku hizo au ujumbe wa meneja akikuita zamu, hifadhi mahali ambapo si simu ya ofisi. Za wateja lakini usiguse, usipige picha akaunti ya mtu, utafukuzwa kihalali na kesi nyingine itakungoja.

Kuhusu wakala. Mwaka 2013 katika kesi ya kampuni ya Wrigley mahakama ya ajira ilieleza misingi ya kupeleka kazi kwa wakala, na mmoja wao ni kwamba mwajiri hawezi kutumia njia hiyo kukwepa haki ambazo wafanyakazi wake walikuwa wameshazipata. Swali langu kwako: siku mlipohamishwa, benki iliwalipa likizo na haki zenu za ile miaka ya nyuma? Kama haikuwalipa, hilo ni dai. Alafu jiulize nani anasaini likizo yako, nani anakupigia tathmini ya mwaka, nani alikuandikia barua ya onyo ulipopungukiwa na pesa. Kama yote ni meneja wa benki na wakala kazi yake ni kutuma mshahara tu, basi mwajiri wa kweli ana sura yake na korti huiangalia hiyo sura.

Tofauti ya mshahara na mwenzako pia ni dai, kifungu cha 5 kinataka malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa. Benki itasema ana uzoefu, ana daraja lingine, na ikionyesha hivo kweli utaanguka. Lakini kama mliingia mwaka mmoja na mnahudumia foleni moja, wacha waeleze.

Mwisho nenda BIFU, chama cha wafanyakazi wa benki, hata kama uko wa muda katiba inakupa haki ya kujiunga. Waulize mkataba wao wa pamoja na waajiri wa mabenki unasema nini kuhusu wafanyakazi wa muda manake masharti yake yanaingia kwenye mikataba ya wale unaowahusu. Na usikae ukingoja ahadi: una miaka 3 tu tangu haki ilipovunjwa, na mazungumzo na HR hayasimamishi hiyo saa hata wakikupa chai kila wiki. Ukishinda, tegemea zaidi fidia, ambayo kwa kuachishwa isivyo haki haizidi mishahara ya miezi 12. Kurudishwa kazini korti inaweza kuamuru ila hufanya hivo mara chache.

SWALI: Wakili mbona India mahakama zinaamuru benki ziwachukue vibarua wao moja kwa moja na hapa kwetu hatusikii? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Kaka, habari ya India ni ndefu na si rahisi vile unasikia. Kweli mwaka 1976 Mahakama ya Juu yao ilimrudisha kazini mtu wa State Bank of India ambaye barua yake ya mwisho ya kazi ilikuwa ya siku 9 tu, eti siku 9! Benki ikasema muda umeisha wenyewe hatukumfukuza, mahakama ikajumlisha vipande vyote ikakuta amefika siku 240 ndani ya miezi 12, na kwa sheria yao mtu huyo hakatwi hivihivi bila notisi na fidia. Mwaka 1987 benki hiyohiyo ikakubaliana na chama cha wafanyakazi kwamba waliowahi kufanya kazi ya muda wapangwe kwenye orodha kwa kuhesabu siku zao, wapewe nafasi ya kufikiriwa. Orodha ikafungwa 31 Machi 1997 na waliobaki nje wakajaa mahakamani.

Alafu 2001 wakaja wale wakusanyaji wa akiba, watu wanaopita duka kwa duka kila siku kuchukua rupia rupia za wateja kwa komisheni. Mahakama ikasema ndiyo nyinyi ni wafanyakazi, mnastahili kiwango cha chini cha malipo, lakini si waajiriwa wa kudumu wa benki. Na Aprili 2006 katika kesi ya Umadevi majaji 5 wakafunga mlango mkubwa: kazi ya umma ni ya ushindani wa wazi, aliyeingia kwa mlango wa nyuma hapati ukudumu kwa sababu tu amekaa, isipokuwa wale wa miaka 10 na zaidi kwenye nafasi zilizoidhinishwa, na hao ni mara moja tu. Benki nyingi kubwa za kule ni za serikali kwa hivo hukumu hiyo iliwagusa moja kwa moja. Ndo Disemba 2024, kesi ya Jaggo, mahakama ileile ikakemea taasisi zinazotumia Umadevi kama ngao ya kuwanyonya watu wa muda mrefu. Kwa hivo nao wanavutana bado. Majaji wetu huzisoma hukumu za India lakini haziwafungi.

SWALI: Mwanangu, mimi hupika chai na kupeleka barua tawi moja la benki, miaka 4 sasa, nalipwa kila jioni kwa pesa taslimu, nasaini kitabu. Sina mkataba. Meneja mpya asema nisije tena mwezi ujao. Nina haki? – Mzee wa Chai, Kilifi

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Unayo, na kwa kifungu cha 37 wewe umesimama pazuri kuliko yule dada wa juu mwenye digrii. Kazi yako ni ya kila siku, haina mwisho, umeshapita mwezi mfululizo zamani sana, sheria inakuhesabu kama mtu wa mshahara wa mwezi: notisi ya siku 28, likizo ya mwaka, na sababu ya kuachishwa lazima ielezwe. Kama hawakukuandikisha NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, kuna malipo ya utumishi pia, mahakama huwa zinahesabu mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka. Jambo moja tu, watakuuliza kama ulilipwa kwa siku au kwa kipande, yaani kwa kiasi cha kazi ulichomaliza, manake 2017 wafanyakazi wa kampuni moja ya chumvi huku Pwani walishindwa kwenye Mahakama ya Rufaa kwa sababu walikuwa wa kulipwa kwa kipande. Wewe ni wa siku, na kile kitabu ndo ushahidi wako, mwombe kijana akupigie picha kurasa zenye sahihi yako kabla ya mwezi kuisha. Nenda kwa afisa wa leba wa kaunti, huduma yake ni bure. Na wakikuletea karatasi inayosema umelipwa kila kitu, usisaini kabla mtu wako hajakusomea, manake ukisaini kwa hiari yako korti inaweza kukufungia mlango.