Swali la lugha: Chungu kinachomwa, kinaokwa au kinafukizwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Najifunza ufinyanzi hapa Arusha na saivi tumefika kwenye zile mbinu za kupata rangi kwa moto na moshi: raku, kuchomea shimoni, na ile ya kufungia chungu kwenye chombo kingine pamoja na chumvi na mrututu (ile dawa ya buluu yenye shaba). Sasa nataka kuandika vibandiko vya kazi zangu kwa Kiswahili. Mimi niliandika "vyungu vya kuokwa", mwenzangu akasema ni kuchomwa, nikajaribu programu ya kutafsiri ikaniletea "ufyatuaji wa shimo". Lipi ni lipi? Na hizi mbinu tuziiteje?

JIBU: Marahaba. Umefanya vizuri sana kuuliza kabla hujabandika, maana ukishaandika kitu kwenye kazi yako watu wanakiiga.

Tuanze na hiyo ya programu, hiyo tupa kabisa. Kiingereza kinatumia neno moja, "firing", kwa bunduki na kwa chungu, sisi hatufanyi hivo. Kufyatua ni risasi, ni mtego, na kwa mafundi ni tofali, lakini angalia tofali linafyatuliwa lini: pale linapotolewa kwenye kibao likiwa bado udongo mbichi, moto haujaguswa hata kidogo. Yani fundi wa matofali akisoma "ufyatuaji" ataelewa kazi ya kwanza wakati wewe unaongelea kazi ya mwisho. Hapo sio suala la ladha ya lugha tena, umempotosha msomaji.

Kuoka na kuchoma. Hapa mwenzako yuko sahihi zaidi ingawa sisemi kuoka ni kosa kubwa. Tunaoka mkate, keki, mkate wa mofa. Tunachoma matofali, chokaa, mkaa, na vyungu. Najua utaniambia mbona nyama nayo tunachoma na mahindi pia, ni kweli, choma ina mikono mirefu, lakini kwenye kazi za udongo ndo neno lililozoeleka na ukienda kwa akina mama wanaofinyanga utalisikia hilohilo. Na lina mwenzake zuri ambalo watu wanalisahau wanapoandika: kuiva. Tofali lililotoka kwenye moto vizuri limeiva, na ambalo halijapata moto ni bichi, kwa hiyo na chungu ni hivohivo, chungu kibichi na chungu kilichoiva, huna haja ya kutafuta istilahi nyingine. Na kuiva huko ni jambo la kweli kabisa ndani ya udongo, ukipita kama nyuzi 500 mpaka 600 hivi za Selsiasi yale maji yaliyofungwa ndani ya chembe za udongo yanatoka, na kuanzia hapo hata ukikiloweka mwezi mzima hakirudi kuwa tope.

Mahali pa kuchomea: joko. Kamusi zinalo, ni tanuri la kuchomea vyungu, wingi majoko. Tanuri au tanuru nalo sio kosa, watu wanasema tanuru la matofali kila siku na pwani kuna tanuu la chokaa, ila joko ni la mfinyanzi na ningependa wafinyanzi wenyewe walilinde. Angalizo tu, usiandike joko kama hujalitumia. Wakisi wa Ziwa Nyasa, kule Matema na Ikombe, wanachoma vyungu vyao wazi, kuni na majani juu ya ardhi tupu, hamna joko hapo, hiyo iite kuchoma wazi.

Sasa nije kwenye lenyewe, rangi za moshi, kwasababu hapa ndipo Kiswahili kina neno ambalo naona hulitumii na linakaa kabisa kwenye kazi yako: kufukiza. Nguo zinafukizwa udi, chumba kinafukizwa ubani, na mwaka 2020 wakati wa corona Tanzania nzima ilikuwa inajifukiza, watu wanapiga nyungu. Na nyungu yenyewe si ni chungu! Kitenzi cha chini ni fuka, moshi unafuka, na fukiza ni kuufanya ule moshi au mvuke ufanye kazi kwenye kitu. Hicho ndicho mnachokifanya. Udongo mwekundu una chuma ndani, ukichomwa hewa ikiwa nyingi ile chuma inashiba oksijeni inatoa wekundu wa kutu, ukiibania hewa moto unakosa oksijeni unaanza kuinyang'anya ile ya kwenye udongo, wekundu unageuka kijivu au mweusi, na kaboni ya moshi nayo inaingia kwenye vitundu vya udongo inabaki humo. Kwa hiyo kuna chungu kilichochomwa tu na kuna chungu kilichochomwa kikafukizwa, ni hatua mbili na vitenzi viwili. Mfano mkubwa tunaye wa kwetu, mfinyanzi Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi 1950, anafanya kazi Uingereza. Vyombo vyake anavisugua mpaka vinang'aa, akivichoma kwenye hewa ya kutosha vinatoka na rangi ya machungwa iliyokolea, na vile anavyotaka viwe vyeusi anavirudisha kwenye moto mara ya pili akiibana hewa. Udongo hauna tofauti, tofauti ni alivyoulisha moto. Ukimwelezea kwa Kiswahili ukasema "alivipaka rangi nyeusi" umeifuta kazi yote.

Hapo uangalie pia kosa moja linaloingia kirahisi, kufukia na kufukiza. Kufukia ni kufunika kwa udongo, ndugu yake ni fukua. Kufukiza ni moshi. Kwenye shimo unaweza kufanya vyote viwili, unapanga vyungu juu ya maranda, unaweka kuni, unawasha, moto ukishashuka unafukia au unafunika kwa bati, alafu vinajifukiza taratibu mpaka kesho yake. Kwa hiyo "vyungu vilivyofukiwa" na "vilivyofukizwa" herufi moja tu inakupeleka kwingine. Mbinu yenyewe iite kuchomea shimoni, hiyo -ea ya mahali inatosha, huhitaji "uchomaji wa shimo" kana kwamba shimo ndo linachomwa.

Raku iache raku. Ni jina la Kijapani, la ukoo wa wafinyanzi wa Kyoto tangu karne ya 16, Chōjirō alipokuwa anatengeneza bakuli za chai kwa ajili ya Sen no Rikyū, bingwa wa sherehe ya chai, huwezi kulitafsiri jina la ukoo. Ila ujue unaandika raku ipi. Ya Kijapani bakuli linatolewa jokoni likiwa jekundu kwa moto na linapoa hewani. Ile ya kulitumbukiza kwenye pipa la majani au vumbi la mbao na kufunika ilikuja baadae, kwa mfinyanzi Mmarekani Paul Soldner kule California miaka ya 1960, na ndiyo mnayofundishwa sehemu nyingi: unashika na koleo, unatumbukiza, moto unalipuka, unafunika, shaba iliyomo kwenye glezi inakosa oksijeni inatoa mng'aro kama wa madini, na sehemu isiyo na glezi inakuwa nyeusi tii. Kwa hiyo andika "raku ya kufukizwa" kama ni hiyo ya pili. Glezi naiandika hivohivo, nimeona watu wanaita rangi lakini sio rangi, ni kioo kilichoyeyukia juu ya udongo, na zile nyufa nyembamba za raku ziko kwenye kioo hicho.

Mbinu yako ya tatu, chombo ndani ya moto. Jina la Kiingereza, "saggar", ukilitohoa linakuwa "saga" na hapo umegongana na kusaga udongo, darasani mtachanganyikiwa kila siku. Napendekeza kasha la kufukizia. Na nimefurahi sana umeandika mrututu na sio jina refu la kikemia, ni neno la zamani na bado linaeleweka madukani. Unatoa wekundu na waridi kwenye udongo mweupe, chumvi inatoa manjano na machungwa, mwani mkavu nao una chumvi zake. Lakini moshi wake ni sumu, choma nje, vaa barakoa ya kuzuia gesi (ya kitambaa haisaidii), na chombo hicho kisiwe cha kulia chakula. Hilo nalo liandike kwenye kibandiko kwa maneno mepesi: "Cha mapambo tu."

Basi ningekuwa wewe kibandiko kingesomeka hivi: "Mtungi. Udongo mweupe, umesuguliwa kwa kijiwe. Umechomwa jokoni, kisha ukafukizwa ndani ya kasha kwa maranda, chumvi na mrututu. Cha mapambo tu." Kama ulichomea shimoni badilisha hapo kwenye kasha, na joko liondoe kama hujalitumia, mengine yaache yalivyo.