Nyungunyungu wanaisha, boya halizami: kuhusu namba ya ndoano na unene wa uzi

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Ndoano namba 4, uzi wa milimita 0.50, boya umekata kwenye sponji la godoro, siku tatu umekaa kwenye mawe hapa Mwanza, nyungunyungu wanaisha na sato hujamwona hata mmoja. Halafu muuzaji anakwambia uchukue ndoano kubwa zaidi. Usimsikilize. Tatizo lako linaelekea upande wa pili kabisa.

Mimi si mvuvi wa riziki, ni fundi umeme, ila Jumamosi alfajiri huwa nipo kwenye mawe ya Capri Point na ufito wangu, mwaka wa kumi na mbili sasa. Makosa yako yote matatu nimeyafanya, na mengine ambayo wewe bado.

Tuanze na namba, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Namba ikipanda, ndoano inapungua. 16 ni kiduchu, 10 ni ya wastani, 4 ni kubwa, na inaendelea hivyo mpaka 1. Baada ya hapo hesabu inageuka: 1/0, 2/0, 3/0, kila namba kubwa kuliko iliyotangulia. Kwa hiyo ukiambiwa "ongeza namba" dukani, muulize anamaanisha nini, maana nusu ya wauzaji nao wamechanganyikiwa.

Sasa mtazame sato mdomoni. Hata akifika nusu kilo, mdomo wake ni mdogo, na hali kwa pupa. Anavuta chambo, anaonja, anatema, anavuta tena. Ndoano namba 4 haimwingii vizuri. Anachofanya ni kumnyofoa nyungunyungu kutoka pembeni na kuondoka zake. Kwa sato natumia namba 8, na siku wakiwa na maringo napunguza ndoano hadi namba 10. Waya wake uwe mwembamba na shina lake, ile sehemu iliyonyooka, liwe refu. Mwembamba kwa sababu waya mnene unampasua nyungunyungu na kumuua mapema, na nyungunyungu aliyekufa havutii kama yule anayejinyonganyonga. Shina refu kwa sababu mbili: linambeba nyungunyungu kwa urefu wake, na samaki akimeza unapata pa kushika wakati wa kuitoa.

Lakini inawezekana wanaokumalizia chambo si sato kabisa. Ni furu. Hawa wadogo wamejaa kwenye mawe, na boya kwao linatetemeka tu, halizami. Jaribu hivi: funga namba 14, tia kipande cha nyungunyungu kama punje ya mchele, tupa palepale. Akitoka furu wa urefu wa kidole, mwizi wako umemjua. Dawa si kubadilisha ndoano, ni kuhama hatua ishirini au kushusha chambo chini zaidi. Chini huko ndiko unakoweza kubahatika na domodomo pia, yule naye nyungunyungu ni ugonjwa wake.

Namna ya kumvisha: ingiza ncha kichwani, mpandishe kama unavaa soksi mpaka karibu na tundu la kufungia uzi, kisha toa ncha nje. Mkia ubaki sentimita moja tu ukicheza. Ukiacha mkia mrefu unawalisha bure. Na ncha lazima ionekane kidogo. Watu wanaificha kana kwamba samaki anajua ndoano ni nini. Kila baada ya samaki wachache, au ikigusa jiwe, iburuze ncha juu ya ukucha wa dole gumba. Ikiteleza, imekufa, inoe au itupe.

Kambare ni habari nyingine. Yule mdomo wake ni mpana, kwa hiyo namba 1 au 1/0, nyungunyungu watatu kwa mkupuo, chambo kilale chini, jioni jua likizama. Hana meno ya kukata, ana kitu kama msasa ndani ya mdomo, na kinasaga uzi mwembamba polepole. Sentimita 30 za mwisho weka uzi wa 0.40. Ukimtoa, angalia miiba ya mapezi ya kifuani. Na akija kamongo, kata uzi, ndoano ni bei rahisi kuliko kidole.

Uzi sasa. Hapa ndipo tunapokosea kwa kufikiria uzito wa samaki. Sato wa kilo moja anatolewa na uzi wa 0.20 bila shida, kama ni bwawani na maji ya wazi. Sisi adui yetu ni jiwe. Itale inakwangua nailoni kama kisu butu, huoni mpaka siku inakatika. Kwa hiyo kwenye mawe natumia 0.28 kama uzi mkuu, na nusu mita ya mwisho naunga 0.22. Ndoano ikinasa chini, kinachokatika ni kile kipande chembamba, boya langu linarudi nyumbani.

Hiyo 0.50 yako ni nguvu usiyoihitaji. Ni ngumu, inatoka kwenye rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, imejikunja kama springi, upepo wa ziwani unaishika na kulivuta boya, na nyungunyungu mdogo hawezi kushuka nayo vizuri. Ule uzi wa kusuka nao nimeujaribu: mwembamba, una nguvu ajabu, haunyumbuki. Kwenye mawe ulinikatikia mara tatu asubuhi moja. Nailoni ya kawaida inatosha.

Ila inunue kwa akili. Kuna mwaka nilinunua 0.28 kwenye duka moja ambalo roli zilikuwa zinaning'inia nje juani, sijui tangu lini. Nikampata kambare ambaye mpaka leo mke wangu anasema nilimwota. Sikuvuta hata kwa nguvu. Uzi ulikatika katikati kama tambi, mbali na fundo, mbali na jiwe. Jua linaua nailoni. Siku hizi naomba roli ya ndani ya boksi, navuta nusu mita, nafunga fundo na kuvuta kwa mikono miwili palepale dukani. Muuzaji akinuna, naenda kwingine.

Fundo: pitisha uzi tunduni, uzungushe juu ya uzi wenyewe mara tano au sita, rudisha ncha kwenye kitanzi kidogo cha karibu na ndoano, kisha kwenye kile kikubwa kilichojitokeza. Kabla ya kukaza, lilowanishe kwa mate. Ukilikaza kavu linapata joto la msuguano na uzi unadhoofika papo hapo.

Na boya, mkuu, godoro linakunywa maji! Baada ya nusu saa una kitambaa kilicholowa. Kata soli ya kandambili iliyochakaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 6 au 7, ipitishe kwenye kijiti cha tete. Kisha kaa na ndoo nyumbani uongeze risasi ndogondogo kwenye uzi, zile timazi za kuzamishia, mpaka ibaki ncha ya sentimita moja juu ya maji. Boya linaloelea lote linampinga sato. Akihisi tu uzito, anatema. Risasi kubwa ziwe nusu mita juu ya ndoano, moja ndogo kabisa iwe sentimita 15. Hiyo ndogo ndiyo mpelelezi: chambo kikiwa chini na sato akakinyanyua, boya halizami, linainuka kidogo. Inawezekana umeshaliona likifanya hivyo ukadhani ni upepo. Hapo ndipo pa kuvuta, kwa kiganja tu, si kwa bega.

Kwa hiyo kesho chukua pakiti moja ya namba 8 na moja ya 10, roli ya 0.28 na ya 0.22. Hizo namba 4 usizitupe, zitafaa siku ya kambare wadogo. Ila kama unapovulia pana magugu maji, niambie kwanza, maana hapo kwenye uzi nitakuwa na maneno mengine.