Darubini ya kwanza ya mwongoza watalii

Vijana wanaoanza kazi ya kuongoza watalii hapa Nairobi huniuliza swali lile lile: ninunue darubini ya elfu nne sasa hivi, au nikope ninunue ya laki mbili? Mimi huwaambia wasinunue yoyote kati ya hizo mbili, na sababu zangu ndizo ninazoandika hapa.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa mchezo mwaka 1977. Kwa hiyo wakati wawindaji wa nchi kama Tanzania wanabishana kuhusu darubini za kufunga juu ya bunduki, sisi tunabishana kuhusu zile za kuning'iniza shingoni. Ubishi ni mmoja, maana unacholipia ni kile kile: vioo, na mwanga unaopita ndani yake.

Anza na namba zilizoandikwa kwenye chombo. Ukiona 8x42, nane ni idadi ya mara ambazo mnyama anavutwa karibu, na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza, utapata 5.25. Huo ndio upana, kwa milimita, wa duara la mwanga linaloingia jichoni mwako. Ya 10x42 inakupa 4.2. Zile ndogo za mfukoni, 10x25, zinakupa 2.5 tu. Mchana wa jua kali hutaona tofauti kubwa, kwa sababu mboni yako imejifunga. Lakini kazi yetu haianzi mchana. Lango la Hifadhi ya Taifa ya Nairobi hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, jua halijachomoza, na hiyo ndiyo saa ya kumkuta simba akitembea. Kwenye giza jepesi la namna hiyo mboni ya kijana hupanuka hadi milimita sita au saba. Ukimwelekezea duara la milimita mbili na nusu, utaona kivuli kinachotembea na hutajua ni simba au ni fisi, huku mgeni nyuma yako akisubiri umwambie.

Ndiyo maana nawasihi msivutwe na ukuzaji mkubwa. Mitaani utauziwa chombo kilichoandikwa 60x60, au kile cha kuvuta na kurudisha, na muuzaji atakuonyesha bango la duka la ng'ambo ya barabara. Namba hizo mara nyingi ni za uongo. Na hata zingekuwa za kweli, mkono wa binadamu hauwezi kutuliza ukuzaji wa namna hiyo bila stendi. Mara kumi tayari inatetemeka ukiwa umesimama ndani ya Land Cruiser iliyofunguliwa paa, hata dereva akizima injini. Mara nane inatulia zaidi, na inakupa uwanja mpana, kwa hiyo ndege akiruka hutampoteza. Ushauri wangu kwa anayeanza ni 8x42, na sijaona sababu ya kuubadilisha.

Sasa bei. Kati ya darubini ya elfu nne na ile ya kati, kwa mfano Nikon au Vortex za daraja la kati, tofauti ni kubwa na utaiona siku ya kwanza. Ya bei ya chini kabisa huwa na lenzi zisizopakwa dawa ya kupunguza mng'ao, au zimepakwa upande mmoja tu, na mwanga mwingi hurudi nje. Nyingi hazijafungwa vizuri, hivyo unyevu huingia. Ukipanda nayo Aberdare asubuhi yenye baridi, vioo hufanya ukungu kwa ndani, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Zile za kati hujazwa naitrojeni na kuzibwa, na tatizo hilo huisha.

Kutoka ya kati kwenda Swarovski, Zeiss au Leica, unalipa mara nyingi zaidi ili upate sehemu ndogo iliyobaki: pembe za picha zilizo kali kama katikati, rangi safi zaidi, dakika chache za ziada magharibi inapoingia. Ni vyombo vizuri mno, na mwongozaji aliyebobea katika ndege anavistahili. Ila jicho ambalo bado halijajifunza kutenganisha vindege vya kahawia vya jamii ya sistikola halitasaidiwa na kioo cha laki tatu. Anayejiandaa kwa mtihani wa daraja la shaba, lile la kuanzia, wa KPSGA (chama cha waongoza watalii wa Kenya) afadhali aweke pesa hizo kwenye kitabu kizuri cha ndege na nauli ya kwenda kutazama ndege msitu wa Karura na mabwawa ya majitaka ya Dandora.

Usinunue chombo ulichokitazamia ndani ya duka tu. Omba kutoka nacho hadi mlangoni. Kishike mbali na uso, ukielekeze angani, utazame yale maduara mawili ya mwanga: yawe mviringo kamili. Yakiwa na kingo za kijivu zilizokatwa, vioo vya ndani ni hafifu. Tazama taa ikijiakisi kwenye lenzi ya mbele. Mng'ao hafifu wa kijani au zambarau ni dalili nzuri, mweupe mkali ni dalili mbaya. Lenzi nyekundu zinazong'aa ziache hapo hapo, zinaharibu rangi. Kisha tazama waya wa stima dhidi ya anga kwa dakika kadhaa. Ukiona waya mbili, au kichwa kikianza kuuma, mirija haijalingana, na hakuna siku utakayoizoea.

Wenye miwani, geuza vikombe vya macho viingie ndani na uhakikishe bado unaona duara zima. Tafuta iliyoandikwa nafasi ya jicho (yaani umbali kutoka kioo cha nyuma hadi jicho) ya milimita kumi na sita au zaidi.

Kama pesa ni kidogo kweli, nunua ile ya umbo la zamani yenye mabega mapana badala ya nyembamba iliyonyooka. Nyembamba inahitaji upakaji maalumu wa vioo vya ndani ili picha iwe kali, na kwa bei ndogo upakaji huo haupo. Ya mabega kwa pesa zile zile huonyesha vizuri zaidi, ingawa ni nzito. Hata ya mtumba inafaa, mradi uimulike kwa tochi na usikute nyuzi za kuvu ndani, hasa ikiwa imetoka Pwani.

Na kabla ya kununua chochote, nenda matembezi ya kutazama ndege ya Nature Kenya, chama cha wapenda mazingira, yanayoanzia Makumbusho ya Nairobi Jumatano asubuhi. Wazee kwa vijana hubeba darubini za kila aina, na ukiomba kwa heshima watakuazima utazame. Tazama ndege mmoja kwa tatu au nne tofauti, kivulini chini ya miti, ndipo uulize bei.