Rudi kwenye jengo lako saa tisa alasiri

Vijana wanaomaliza ubunifu majengo huniandikia wakiuliza swali moja: nikitaka kujikita kwenye majengo rafiki kwa mazingira, nikasomee nini? Wengi hutegemea niwatajie chuo cha Ulaya au cheti fulani. Cheti nitakitaja, ila kwanza niwaeleze nilikoanzia mimi, maana sikuanzia darasani.

Nilikuwa na miaka minne kazini, Dar es Salaam. Nilikuwa nimechora jengo la ofisi la ghorofa tatu, na upande unaotazama barabara nikaujaza vioo toka chini hadi juu. Mteja aliupenda, na mimi niliupenda. Upande huo unatazama magharibi. Miezi minane baada ya kukabidhi nikapita pale kufuatilia malipo ya mwisho, saa tisa alasiri, mwezi wa Februari. Dada wa mapokezi alikuwa amebana kanga mbili kwenye kioo kwa vibanio vya nguo. Chini ya kanga alikuwa amebandika kwa selotepu maboksi ya karatasi yaliyokunjuliwa. Meza ameisogeza hadi chini ya ngazi. AC inanguruma, na bado shingo yake inang'aa jasho. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Injinia, mlivyokuwa mnachora hapa, jua mlidhani linazama wapi?"

Sikuwa na jibu, na swali lile sijalisahau mpaka leo.

Jua nilifundishwa chuoni, na mtihani nilifaulu. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua liko juu sana mwaka mzima: Desemba limeegemea kusini kidogo, Juni limeegemea kaskazini kwa nyuzi 30 hivi kutoka utosini. Dirisha la kaskazini lenye kimo cha mita 1.2 hufunikwa lote na kivuli cha upenu wa sentimita 70 adhuhuri ya Juni. Ni rahisi kiasi hicho. Lakini jua la asubuhi na la alasiri huja limelala, linapita chini ya upenu wowote na kuingia hadi ukuta wa nyuma. Ndiyo maana jengo la pwani linatakiwa lilale mashariki kwenda magharibi, madirisha yake makubwa yatazame kaskazini na kusini, na zile kuta mbili fupi ziachwe nzima bila madirisha au ziwekewe ngazi, vyoo na stoo. Hili huamuliwa siku ya kwanza, ramani ikiwa bado ni mistari ya penseli. Likikosewa hapo, AC haitalirekebisha, itaficha kosa tu huku mita ikizunguka.

Ushauri wangu wa kwanza, na kama una nafasi ya kushika mmoja tu basi shika huu: rudi kwenye majengo uliyochora. Rudi katika msimu wa joto kali, saa mbaya, siyo siku ya uzinduzi. Nenda na kipimajoto cha kawaida na daftari. Muulize mlinzi, mfagiaji, mhasibu wa chumba cha kona. Watu wameshafanya marekebisho yao kwa kanga, kwa matofali ya kuzuia mlango upitishe upepo, kwa bati la kuongezea kivuli. Kila rekebisho ni sahihisho la mchoro wako.

Wa pili: kwa wateja wengi, neno "endelevu" liache nyumbani. Mimi huongelea LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. AC ya BTU 12,000 inakula takriban kilowati 1 ikifanya kazi kwa nguvu zote. Kumi zikiwaka hivyo kwa saa nane ni yuniti 80 kwa siku. Nikimwandikia mwenye jengo hesabu hiyo kwenye karatasi, kisha nikamwonyesha kwamba kulizungusha jengo kwenye kiwanja kunaweza kuondoa baadhi ya hizo AC, anasogeza kiti karibu. Sijawahi kupata kikao kama hicho kwa kuanza na tabianchi, ingawa tabianchi ndiyo inayoninyima usingizi.

Kisha nenda kwa mafundi wazee. Nilikaa wiki mbili Mji Mkongwe, Zanzibar, nikimsaidia fundi chokaa kurekebisha ukuta wa mawe ya matumbawe uliokuwa umepigwa plasta ya saruji. Plasta ilikuwa imebabuka, na nyuma yake ukuta umelowa. Nilimwamkia, akaitika, akanishika mkono na kuubandika kwenye ule ubichi. "Ukuta huu wapumua, mwanangu. Ukiutia saruji umeuziba pua." Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba vyumba vya nyumba zile ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zinavuka karibu mita 3 tu. Ukubwa wa chumba uliamuliwa na mti. Tangu hapo naanza na nyenzo ndipo nachora.

Hilo linanileta kwenye zege. Saruji inachangia takriban asilimia 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, na sehemu kubwa hutoka kwenye jiwe lenyewe la chokaa likichomwa, siyo kwenye moto peke yake. Kaa na mhandisi wa miundo mapema. Nguzo ikisogezwa mita moja na nusu, slabu inaweza kupungua unene na nondo zikapungua nayo. Mbunifu anayepeleka ramani kwa mhandisi ikiwa imeshakamilika ameitupa nafasi hiyo.

Vyeti vipo. EDGE, ya IFC, shirika la fedha lililo chini ya Benki ya Dunia, inataka jengo liokoe angalau asilimia 20 katika nishati, maji na nyenzo, na programu yake ya kukokotolea ni ya bure mtandaoni. Ijaribu kwa jengo ulilokwisha kulichora. Mtihani wa cheti utafuata.

Lile jengo la vioo, mwenyewe alikataa marekebisho kwa miaka miwili. Mwaka wa tatu akakubali tuweke mapezi, yaani mbao za wima za kukinga jua, upande wote wa magharibi. Nimepita mwezi uliopita. Meza imerudi mahali pake na kanga zimetolewa. Maboksi bado yako nyuma ya mlango, dada anasema anasubiri kwanza Februari ipite.