Wadogo zangu wa Berthoud Pass, mlima ukiguna semeni

Jumamosi, hapa Berthoud Pass, njia ya mlimani Colorado tunakopanda na kushuka kwa skii, nimewaona vijana watano wa Aurora mkivuka mteremko wa theluji kwa pamoja kama mnaovuka barabara, na bikoni ya mmoja wenu, kile kifaa cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa, imo begini. Usiku sikulala. Nawapenda, ndiyo maana leo nasema kwa ukali.

1. Bikoni huvaliwa mwilini na huwashwa tangu maegesho. Simu ikae mbali nayo sentimeta 20. Ukitafuta mtu aliyefukiwa, 50.

2. Taarifa ya maporomoko ya theluji ya Colorado isomeni kabla ya chai, si mkiwa mmeshafika.

3. Berthoud palikuwa na kiwanja cha skii hadi 2001. Njia zilizokatwa msituni bado zipo, nazo zinawadanganya mkadhani mko kiwanja cha skii cha Winter Park, ambako doria hulipua theluji mbaya kabla hamjaamka. Huku juu hakuna wa kuwalipulia. Theluji ya mwanzo wa msimu ikiwa haba, baridi huigeuza punje kama sukari, zisizoshikana. Mpya ikiangukia juu yake, imekaa juu ya sukari.

4. Mlima ukiguna, semeni. Hili linanichoma mpaka leo. Ulikuwa msimu wangu wa pili, tuko wanne, mimi mdogo wa wote. Mbele yetu kaka mmoja wa Tanga, aliyenifundisha kubandika ngozi, zile tepe za chini ya skii zinazozuia kuteleza ukipanda, na kuniazima viatu. Tulipotoka kwenye miti nikasikia "wuumf" chini yangu, na ufa mwembamba ukakimbia kutoka ncha za skii zangu. Nilijua maana yake, kwamba tabaka dhaifu la chini limevunjika; nilikuwa nimetoka kufundishwa. Nikamtazama kaka, hakugeuka. Nikajiambia mkubwa amesikia, mkubwa anajua, mimi nani nimkatize mbele za watu? Ndivyo nilivyolelewa. Juu tukasimama kunywa maji. Nafasi ilikuwepo, nami nikaongea habari za mpira.

Akatangulia kushuka. Kona ya tatu, theluji yote ikakatika juu yake kama sahani. Ilipotulia tuliona glovu moja tu. Tulichimba kwa mabeleshi, uso kwanza, nami naliita jina lake. Alikuwa hai, midomo ya buluu, goti limevunjika. Tukisubiri waokoaji akaniuliza, "Wewe ulisikia kitu?" Yeye alikuwa mbele mno, na upepo ulikuwa mkali. Nikasema ndiyo. Hakunijibu. Hajapanda tena.

5. Vukeni mmoja mmoja, wengine macho kwake. Nyuzi za mteremko pimeni, msikadirie: kati ya 30 na 45 ndipo bamba la theluji hukatika zaidi.

6. Ngozi zikilowa, ziwekeni kifuani ndani ya koti.

Jumamosi hii saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa maegeshoni na chupa ya chai ya tangawizi. Nitapima bikoni ya kila mmoja. Na wewe uliye mdogo kuliko wote, ndiye utakayetembea nyuma yangu. Ukisikia kitu nipige na fimbo mgongoni.