Asha, washa na shilingi 50,000

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mke wangu kajifungua mtoto wa kike, tumempa jina la mama yangu, Asha. Shemeji yangu katuma orodha ya majina inayosema Asha ni Kihindi, maana yake "tumaini". Halafu bwana mmoja wa mambo ya nyota katuambia jina hili limetoka kwenye "washa", mtoto atakuwa wa moto na ugomvi, na anataka shilingi 50,000 atutafutie jingine. Tumshike nani? Baba Asha, Morogoro.

JIBU: Marahaba, Baba Asha, na hongereni sana. Hiyo hela mnunulieni mzazi supu.

Asha wa mama yako ni Aisha. Ni Kiarabu: "aliye hai", "anayeishi". Mzizi huohuo ndio uliotupa kuishi na maisha, kwa hiyo jina la binti yako na neno maisha ni ndugu wa damu. Pwani lilienea kwa heshima ya Bibi Aisha, mkewe Mtume, na ndimi zetu zikalifupisha; wengine wakaongeza Mwana mbele, tukapata Mwanaisha.

Shemeji yako hakutunga. India yupo Asha wa Kisanskriti, lugha ya kale ya huko, na huyo kweli ni tumaini. Mwimbaji Asha Bhosle ni wa jina hilo. Ila Aisha wa Kiarabu huanza na ‘ain, sauti ya kooni ambayo Kiswahili hakina. Tulipoiacha, majina mawili yasiyojuana yakawa yanasikika sawa.

Huyo wa nyota ndiye anayenikera. Washa limetokana na waka: k imegeuka sh, kama anguka inavyozaa angusha na kumbuka inavyozaa kumbusha. Sh ya washa ni k iliyobadilika. Sh ya Asha ilitoka Uarabuni ikiwa sh tayari. Na ile w ya waka ameipeleka wapi? Hana jibu, kwa sababu anachofanya ni kusikiliza mlio wa jina na kubuni maana.

Kosa hili naletewa kila wiki: maneno mawili yakifanana mlio, watu wanayafanya ndugu. Juzi mama mmoja aliambiwa mwanawe Hamisi, aliyezaliwa Alhamisi, kapewa jina lisilo lake kwa sababu Hamisi ni "tano", na tano ni Jumatano. Waarabu huhesabu siku kuanzia Jumapili, sisi tunaanzia Jumamosi. Ndiyo maana juma letu lina siku mbili za tano zinazofuatana: Jumatano kwa hesabu yetu, Alhamisi kwa hesabu ya Waarabu. Hamisi ni wa Alhamisi. Yule mama alikuwa hajalala siku tatu.

Hata jina likiwa na maana nzito kweli, si hukumu. Kina Shida, Tabu na Mashaka walipewa majina kwa hali iliyokuwapo nyumbani siku walipozaliwa. Wayoruba wa Nigeria, familia ikishafiwa na watoto mfululizo, humwita anayefuata Kosoko, yaani hakuna jembe la kuchimbia kaburi. Jina hilohilo alikuwa nalo mfalme aliyetawala Lagos kuanzia 1845 hadi 1851. Wazazi wale walikuwa wanamfukuza mauti kwa jina, hawakuwa wanamkaribisha.

Wanaouza majina mapya hawaonekani siku ya kuandikisha shule. Nimeshika kadi ya kliniki ya binti mmoja, Tabu imekatwa kwa kalamu nyekundu, juu yake pameandikwa Tausi. Cheti chake cha kuzaliwa bado kinasema Tabu, na baba yake alikuwa anazunguka na hati ya kiapo kuthibitisha kwamba huyo ni mtoto mmoja.

Kwa hiyo mkienda kuchukua cheti, amueni mapema: Asha au Aisha. Maana ni ileile, lakini kwenye karatasi ni watu wawili. Kama mama yako anaandikwa Asha, mwandikeni Asha, na kadi ya kliniki isome hivyohivyo.