Kufutwa kazi Lubumbashi ukiwa na deni la nyumba

Mdogo wangu, umeuliza kama serikali itakusaidia kulipa banki, kwa sababu kampuni ya Kampemba imekufuta kazi na nyumba uliiweka dhamana. Hapana. Kongo haina malipo ya wasio na kazi. CNSS, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii (zamani INSS), inashughulikia pensheni, ajali na magonjwa ya kazini, na posho za familia, basi. Mtu akikuuzia fomu ya "msaada wa serikali," usitoe hata franki.

Pesa yako ya kwanza iko kwa mwajiri. Sheria ya kazi ya 2002 inamtaka akulipe hesabu ya mwisho ndani ya siku 2 za kazi: mshahara, likizo ambayo hukuchukua, na malipo ya muda wa taarifa kama alikufukuza bila kukuarifu mapema. Akikuzungusha, nenda kwa inspekta wa kazi na mkataba wako pamoja na karatasi za mshahara. Usisaini "nimelipwa yote" kabla ya kuhesabu!

Banki nenda wiki hii, kabla hujachelewa hata mwezi mmoja, uombe kwa barua warefushe muda. Kama kuna aneksi (nyumba ndogo ya pembeni) kwenye palseli, yaani kiwanja chako, pangisha. Jiandikishe ONEM, ofisi ya taifa ya ajira, pia, ingawa mimi singengojea simu yao.